Wake Wawili, Ukurasa Mmoja

Jumanne, 4 Juni
Bado natengeneza ukurasa wa mtandaoni wa mchele wetu. Umeme wa sola ulikatika asubuhi, nikaanza upya. Maneno ya juu yamekaa sawa: mchele wa Kasongo, depo ya sokoni. Picha yangu nimeiweka pana, nimevaa kikwembe kipya. Kulia kwake, namba yangu kwa herufi kubwa. Namba ya Mwajuma nayo ipo, maana mume wetu anataka wake wawili wote tuonekane. Nimeiweka chini kabisa, kushoto, ndogo kama sisimizi. Kwenye kompyuta inapendeza sana.

Mwajuma kaolewa juzi tu. Kompyuta hajui hata kuiwasha.

Alhamisi, 6 Juni
Mume wetu ametukalisha baada ya chakula. Mmoja atashika depo hapa Kasongo. Mwingine ataenda Kabambare kusimamia shamba la mpunga. "Ule wateja wataita sana kwa simu, ule ndiye atabakia na depo."

Kabambare! Mimi, mke mkubwa, niliyekuwapo depo ikiwa meza moja tu sokoni. Lakini nimecheka kimoyomoyo. Namba kubwa ni yangu. Nimewatumia wateja wote ukurasa.

Jumamosi, 8 Juni
Simu ya Mwajuma inaita. Yangu kimya.

Jumatatu, 10 Juni
Inaita tena. Anapokea akitwanga sombe, majani ya muhogo, anapokea akifua. Wachimbaji wa Lusangi, wavuvi wa Nyangwe, wote wanamtaka yeye. Leo mmoja alimwambia ameona picha yake, ni mama mzuri sana. Picha ni yangu! Mwajuma alinisimulia mwenyewe, anacheka hadi anashika mbavu. Huniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, uzuri iko wako, simu iko yangu."

Nilicheka pia. Nilitamani kumwagia sombe yote kichwani.

Jumanne, 11 Juni
Nimeazima simu ya jirani, muuza makaa, nikafungua ukurasa wangu. Sikuwahi kuutazama kwenye simu. Yangu ni ya vitufe. Simu ya kioo mume wetu alimnunulia Mwajuma, ya harusi, na kuiomba kwake nisingeweza.

Aibu. Picha yangu imejaza kioo chote. Namba yangu imebaki nje, kulia, haionekani mpaka uvute kwa kidole. Nani atavuta? Watu wanashuka tu, wanakuta namba ya Mwajuma pale chini. Na wateja wetu wote wanatumia simu. Nani sokoni ana kompyuta?

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikula jioni.

Ijumaa, 14 Juni
Nimejifunza upya, kwa video na kwa kuharibu. Upana wa ukurasa ufuate kioo cha simu. Picha ipunguzwe, isile mega za watu. Namba iwe kitufe kinene, kidole gumba kikigusa, inapiga. Na kila kitu kishuke kwa safu moja.

Hapo nilikwama. Kwenye kompyuta wake wawili wanaweza kukaa ubavu kwa ubavu. Kwenye simu hakuna nafasi. Mmoja juu, mmoja chini.

Nimejiweka juu. Sikufikiri mara mbili.

Jumatano, 19 Juni
Sasa yangu ndiyo inaita. Furaha ilidumu hadi adhuhuri. Wanauliza mchele ulianikwa wapi, unavunjika, unavimba ukipikwa? Sijui. Mimi niko na kompyuta, anayeanika na kupepeta ni Mwajuma. Nilimjibu vibaya mteja wa Nyangwe. Akasema, "Mama, unipe ule mwengine. Ule anajua kuongea na watu."

Nilimpelekea Mwajuma simu yangu, kwa mkono wangu. Namchukia. Namchukia zaidi kwa kuwa hajanifanyia lolote baya.

Ijumaa, 21 Juni
Mume wetu ameuliza wateja wanamtaka nani. Hakutazama ukurasa, hakutazama simu. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. Mwajuma aliinamisha kichwa. Ningedanganya, angeniamini.

Nikasema, "Mwajuma." Kisha nikaingia ndani, nikabadilisha safu. Yeye juu, mimi chini. Nililia, kwa hasira tu. Huruma sikuwa nayo.

Jumapili, 7 Julai. Kabambare
Vijana wanafyeka shamba. Rezo ya simu inapatikana kilimani tu, nyuma ya shule. Mume wetu amenipa simu ya kioo ya kunituliza, na laini mpya.

Leo nilipanda kilima. Ukurasa ulifunguka upesi, hata huku. Herufi zinasomeka, hakuna kinachokatika. Niliutengeneza vizuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Nikagusa kitufe cha juu. Mwajuma hajui namba hii. Alipokea mara moja. "Karibu depo ya muchele, tukusaidie nini?" Sauti laini, haina haraka. Nyuma yake nilisikia soko, pikipiki, mtu anabishania bei.

Hata mimi ningenunua kwake.

Nikakata. Nikashuka kuwapikia vijana.