Fimbo Ambayo Hukuilaza

Kaka yangu Nassor,

Leo ni siku ya kumi tangu ile simu ya Tabora, na kila nikishika kalamu naiweka. Walikuzika kabla sijapata tiketi. Haya ninayokuandikia, ningekwambia ukiwa hai ningekuwa mtu.

Ulinileta Oman nina miaka saba, wewe umeshapita thelathini. Ulinitia skuli, mwenyewe ukaingia karakana ya kuchomelea vyuma, moshi na cheche toka asubuhi mpaka magharibi, kwanza Sur na baadaye Ibra. Kwa hiyo mimi nikapata Kiarabu cha vitabuni, na wewe ukabaki na Kiarabu cha kuungaunga, cha bei na vipimo. Ukikosea neno dukani, nilikuwa nikitazama pembeni. Uliniona, nadhani. Hukuwahi kunisema.

Unaikumbuka Idi Kubwa yetu ya mwanzo pale Ibra, mwanzoni mwa miaka ya tisini? Siku ya pili ya sikukuu wanaume wa mtaa walitoka kwenda wadini, bonde kavu la mto nje ya mji, kulenga shabaha, desturi yao tangu babu zao. Shabaha yenyewe ilikuwa jiwe lililopakwa chokaa, limewekwa mbali kwenye mteremko. Kila bunduki ikilia watu wanabishana: imepiga, haikupiga, mpaka mmoja atumwe akaangalie. Ulicheka ukakaa chini. "Mbona wanajitesa hawa?" ukaniambia. "Wangeweka chuma, kingewaambia chenyewe."

Idi Kubwa iliyofuata ulikuwa umeshawatengenezea stendi ya kutundikia shabaha. Hukununua kitu ila vijiti vya kuchomelea. Vyuma vya pembe ulivyookota nyuma ya karakana ulivikata na kuviunga, vikawa vichwa viwili vyenye matundu ya kuchomekea miguu. Miguu ilikuwa mbao za makreti ya mashine, miwili kila upande, imetanuka chini, na ubao mmoja mrefu ukapita juu kutoka kichwa hiki mpaka kile. Nilikuuliza kwa nini miguu isiwe ya chuma pia, ikadumu. "Mguu huu ni wa kufa," ulisema. "Acha upigwe, tutachomeka mwingine. Mbao zinatupwa kila siku." Sahani za kulengwa ulizikata kwenye kijiko cha katapila bovu, kwa sababu chuma laini huchimbika, na risasi ikiingia kwenye shimo huweza kumrudia aliyeipiga. Ulizitundika kwa minyororo, mmoja ukakatika siku ile ile ya majaribio, ukatukana kwa Kinyamwezi. Kesho yake ukaja na mikanda ya tairi la lori. Ukazifunga sahani kwa bolti, zikainama mbele kidogo ili risasi ikigonga imwagike chini mchangani. Tuliipakia stendi nzima nyuma ya pikapu ikiwa vipande, na kuisimamisha hakukuchukua hata muda wa kumaliza birika la kahawa.

Sahani ilipolia mara ya kwanza, wadi nzima iliitikia. Mzee Hamud, jirani yetu wa mlango wa pili, alikushika kichwa akakubusu kipaji cha uso, akakuombea afya kwa kazi uliyofanya. "Allah yaatik al-afya, ya Nassor! Allah yaatik al-afya!" Ulikuwa na furaha ambayo sikuiona kwako tena. Ukaenda ukasimama nyuma ya wapigaji, umeshika bakora yako kwa mikono miwili, ukangoja.

Ulikuwa unangoja mtu aseme karibu. Ndivyo ulivyolelewa: mtu haketi kwenye mkeka wa watu mpaka akaribishwe, na akikaribishwa hukataa kwanza mara moja kwa adabu. Hukukaribishwa. Wapigaji walilaza fimbo zao chini kwenye mstari, moja baada ya nyingine, na bunduki ikapokezanwa kwa kufuata fimbo zilivyolala. Aliyepiga sahani alitaja kwa sauti jina lake, la baba yake na la babu yake, na wenziwe wakamwitikia. Wewe uliziona zile fimbo ukadhani ni nafasi za ukoo, zimegawanywa tangu zamani. Tuliporudi, njiani ulisema neno moja tu. "Mwakani."

Mwakani ukaenda, na mwaka wa pili yake. Kila Idi Kubwa ulibadilisha mguu uliopigwa, ukageuza sahani, ukavaa kanzu mpya, ukasimama na bakora yako. Na jicho ulikuwa nalo. Kule kwetu ulikuwa ukiangusha kanga kwa bunduki ya baba, nao hawakujua hilo, maana hukumwambia mtu.

Sasa nikwambie. Idi ya nne, nimeshaanza kufundisha, mwalimu mwenzangu wa mtaa ule ule aliniuliza, "Kaka yako ana nini na sisi? Mbona halazi fimbo?"

Nikamwambia labda anangoja aitwe.

"Aitwe na nani? Astaghfirullah! Ukimwita mtu apige ni kama umemwambia jicho lake unalitilia shaka. Mtu hulaza fimbo mwenyewe, bas. Hulioni lile pengo kando ya fimbo ya Mzee Hamud? Tunamwachia yeye, kila mwaka."

Maneno mawili yangetosha, kaka. Laza fimbo. Ningekwambia mchana ule ule tukila wali wetu. Sikukwambia. Nilikuwa nimepeleka posa mtaa ule na jibu lilikuwa halijatoka. Nikakuona akilini mwangu umepiga sahani, umegeuka, unataja nasaba yako kwa Kiarabu chako cha karakana, na baba wa msichana yupo pale, na vijana wanabana vicheko. Niliona haya. Sina neno la kulipamba jambo hili. Nilikuonea haya wewe, uliyenilisha na kunivisha.

Posa ikakubaliwa. Nikajiambia baada ya harusi nitasema. Baada ya harusi nikaona nikisema utaniuliza nimejua lini. Nikanyamaza mwaka, na mwaka mwingine, hata kunyamaza kukawa hakunisumbui tena. Nilisimama ubavuni pako, natazama lile pengo, nawe macho yako yako kwenye bunduki.

Na wewe nina neno nawe. Miaka kumi na moja mtu anangoja mwaliko na haulizi! Ungeuliza mara moja tu, hata kwa ugomvi. Ilikuwa adabu au kiburi? Na wao je? Ni heshima gani kumwachia mtu nafasi bila kumwambia ipo? Nakaa hapa nakasirika na nyote, nawapangia makosa yenu mmoja mmoja, halafu nakumbuka kwamba katika wadi ile mwenye lugha zote mbili nilikuwa mimi.

Mwaka wako wa kurudi Tabora ulizifungua bolti zote, ukazipaka grisi, ukampelekea Mzee Hamud stendi uani kwake. Hukumwambia kwa nini unahama. Tukashuka Maskati mimi na wewe, tukakaa uwanja wa ndege. "Nimewafanyia, Khalfan," ulisema. "Nimewafanyia, na kwao mimi ni fundi wa kuleta vyuma. Nakwenda kufia penye watu watakaoniita." Nilikuwa nimeupakata mkoba wako. Ndege yako ilikuwa bado saa mbili. Saa mbili nzima, kaka, nami nikainuka nikaenda kukununulia chai.

Tulipopata habari zako tuliweka azaa, matanga ya huku, siku tatu, na mtaa mzima ulikuja. Hakukosekana mtu. Siku ya mwisho aliletwa Mzee Hamud, sasa anashikwa mkono, macho yamekwisha. Akakaa kando yangu, akanishika goti.

"Ya Khalfan, nisamehe kukuuliza penye msiba. Tulimkosea nini ndugu yako? Miaka yote ile nimeacha nafasi kando ya fimbo yangu. Alichukia nini kwetu?"

Baba mkwe wangu alikuwepo, wanangu walikuwa wanapitisha kahawa. Wewe ulikuwa umeshalala udongoni Tabora. Hakuna Kiarabu chako cha kunitia aibu tena. Aliyebaki wa kuaibika ni mimi peke yangu.

Nikamjibu kwa Kiarabu safi kabisa: "Hamkumkosea kitu, baba yangu. Alikuwa hapendi tu mambo ya bunduki."

Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Alhamdulillah," akasema. "Nilikuwa naogopa." Wakanyanyua mikono wakakuombea rehema, Nassor mwana wa Salim, wakalitaja jina lako wote kwa pamoja, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wao.

Tangu siku hiyo chakula hakinishuki. Mke wangu anadhani ni msiba, ananipikia uji na kunionea huruma, na kila akinionea huruma nataka kuvunja kitu. Leo asubuhi wanangu wamenikuta hapa mezani, mdogo akaegemea bega langu, akaitazama karatasi hii yote, akaniuliza kwa Kiarabu nimeandika nini. Nikamwambia nakusalimu.

Hajui kuisoma. Hakuna mwanangu anayejua Kiswahili, sikuwafundisha. Hakijui baba mkwe wangu, na Mzee Hamud hakijui. Nimekaa tangu alfajiri nikikiri kosa langu, kaka, na nimelikiri kwa lugha ambayo nyumbani humu ulikuwa ukiijua wewe tu.

Mungu akulaze pema. Shikamoo.

Mdogo wako,
Khalfan