Tumbo Langu na la Mzee Nadim

Jumatano, 5 Machi
Naharisha tangu jana. Maji matupu, na gesi ya mayai viza. Nimeshuka basi njiani kutafuta choo — aibu! Itakuwa maji niliyokunywa kwetu Machame, nilipokwenda kumzika baba. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku ughaibuni, sijasema. Lorraine, meneja, angenirudisha nyumbani, na likizo yote imeishia msibani. Halafu Mzee Nadim hataki kulishwa na keya mwingine, yaani mtunza wazee mwenzangu. Alizaliwa Arusha, na kati ya makeya hana mwingine wa kuongea naye Kiswahili. Nimemmenyea chungwa. Mikono nilinawa. Nadhani nilinawa.

Jumatano, 12 Machi
Mzee Nadim anaharisha. Nimembadilishia shuka mara tatu. Kila mara: "Samahani, binti Haika." Yeye ndiye ananiomba samahani!

Jumanne, 18 Machi
GP, daktari wangu wa mtaani, amepiga simu. Kinyesi changu kimekutwa na giardia — kijidudu cha utumbo, hakionekani kwa macho. Ameniandikia dawa. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema usafi wa ofisi. Uongo umetoka laini kabisa.

Alhamisi, 20 Machi
Majibu ya mzee: giardia. Mashavu yameingia ndani, hawezi kukaa bila kushikwa. Siham, binti yake, alifoka kwenye korido, nani kamletea baba yake ugonjwa huu? Macho yote kwa Fortunat wa jikoni, eti kwa kuwa karudi kutoka Kigoma juzi juzi. Ameambiwa abaki nyumbani. Alivua aproni, akaikunja vizuri.
"Dada, tumbo langu ni zima kabisa."
Nikarudi chumbani kumbadilishia mzee shuka.

Ijumaa, 21 Machi
Niko chumba cha wafanyakazi, daftari juu ya fomu. Asubuhi nimemwambia Lorraine kwamba na mimi ninayo. Hakufoka. Afadhali angefoka! Ameuliza tu, tangu lini? Akanisukumia fomu: jina, tarehe ya kuanza kuumwa.
Nikiandika 20, basi mzee ndiye kaniambukiza, na lawama inabaki kwa Fortunat. Nikiandika 04, kila mtu atajua ni mkono gani ulikuwa unamlisha siku zote hizi. Na Siham atajua. Na mzee.
Namsikia huko chumbani kwake, anamuuliza keya mgeni kwa Kiswahili niko wapi. Keya haelewi.
Nimeandika jina. Kwenye tarehe nimeandika sifuri. Peni imesimama hapo.