Z ya Nyuma ya Mlango

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, ila mama yako ana mafua na anayalaumu mavumbi ya mbao zangu, kama kawaida yake. Nawe u mzima? Bado mnapiga pasi mashuka ya hoteli nzima wawili tu, au wamewaongezea mtu?

Neno lako la "buzz" limefika: mlio wa nyuki. Ule mfano wa msimamizi wenu anayevuma masikioni mwenu kutwa umemchekesha mama yako mpaka akakohoa. Sasa zamu yangu. Masharti ni yale yale uliyokuja nayo kutoka shule: neno la Kiingereza, lisizidi herufi nne, lazima liwe na Z, lisirudiwe katika mchezo mmoja, neno bila mfano wa maisha yetu halihesabiwi, na anayekosa neno ameshindwa. Uliichagua Z kwa ajili yangu. Ulisema ndiyo herufi ya maseremala, kwa sababu kila mlango wa mbao ukiutazama kwa nyuma unaikuta kwenye mbao za kuukazia.

Haya, shika: "haze". Ukungu mwembamba. Mfano: ule uliotanda karakanani siku hizi, hata saa sita mchana, mpaka mstari wa penseli siuoni sawasawa.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya mafua. Mimi niko salama, mikono tu imebabuka kwa mvuke.

Ukungu gani huo wa ndani ya nyumba saa sita mchana? Nilianza kusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Nikazitoa barua zako za mwaka jana nikalinganisha. Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mabango, na mistari unairuka.

Najua simu ni za mama na barua ni zetu, lakini safari hii nilimpigia nikambana, akasema yote. Daktari wa macho alishakuambia ni mtoto wa jicho, kwamba unapasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, nawe ukavaa kofia yako ukaondoka. Kisha msumeno ukakupitia kidole, ukamwambia mama umeumwa na paka. Paka ana meno ya msumeno, baba?

Basi leo mchezo una dau. Nikikushinda, unaenda kupasuliwa. Ukinishinda, sitalitaja jicho lako tena. Mshindi anaamuru, mshindwa anatii: hiyo ni sheria yako mwenyewe, ndiyo iliyonifagiza karakana utoto wangu wote.

"Doze". Kusinzia. Mfano: wewe, ukisema unamsikiliza mama.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, na mafua yamehamia kwangu. Nawe mikono ipake mafuta kabla ya kulala.

Lo! Umekuwa mkali kuliko huyo msimamizi wenu. Sikia basi. Fundi mwenzangu wa mtaa wa pili alikwenda kupasuliwa akiona nusu, akarudi akishikwa mkono. Mimi nikishikwa mkono, randa nitaipiga kwa mdomo? Naogopa, mwanangu. Nakuambia wewe, na mama yako usimwambie.

Hata hivyo, dau nimelikubali. Mimi sijawahi kukimbia mchezo.

"Lazy". Mvivu. Mfano: paka wetu, ambaye kusema kweli hana nguvu hata za kukiuma kidole changu.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole na hayo mafua ya kurithi. Mimi mzima, mafuta napaka.

Nimecheka kwa paka, halafu nikalia. Nami naogopa. Naogopa nitakuja likizo nikukute mlangoni unanipapasa uso ili unijue. Hilo silitaki, baba, sitaki kabisa.

"Maze". Njia za kupotezana. Mfano: vichochoro vya chini ya hoteli yetu. Wiki ya kwanza nilisukuma toroli la taulo nikatokea jikoni, wapishi wakaniuliza nawapikia nini.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Najua nimechelewa, usinigombeze.

Nimekaa na hili jambo wiki nyingi. Nimekwama. Sina neno. Umeshinda, na sheria ni sheria. Mama yako ameshakwenda kuchukua siku ya upasuaji, na ametembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea siku ya harusi yetu.

Uniombee.

Baba yako

11 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuombea asubuhi na jioni.

Lakini umekwamaje? "Adze"! Tezo, ya kuchongea mbao! Si ndilo neno la kwanza nililokufundisha, ukalichonga kwenye mpini wa tezo yako, nayo ikatundikwa mbele ya meza ya kazi? Kila nilipofungua barua yako nilijua leo utalitoa. Umelisahau kweli? Ni macho tu yanayokusumbua, au kuna jambo jingine mnanificha? Nikimpigia mama anacheka, ananiambia nisubiri barua. Sioni cha kuchekesha.

Binti yako

6 Julai

Mwanangu kipenzi,

Hatujambo, na leo silisemi kwa mazoea. Tazama mwandiko: nimerudi kwenye mistari. Bandeji ilitolewa wiki iliyopita. Wa kwanza kumwona alikuwa mama yako. Nikamwambia hajazeeka hata kidogo, akamwomba daktari anipime upya.

Tezo sikuisahau. Niliishika mapajani siku nyingi, kidole juu ya herufi ulizonifundisha, na barua yako mfukoni, ile ya kukupapasa uso. Kwenda mwenyewe nisingethubutu. Nilitaka mtu wa kuniamuru, na wa kuniamuru ni wewe tu. Kwa hiyo nikairudisha ukutani, nikashindwa.

Sasa mchezo mpya, naanza mimi. "Gaze". Kumtazama mtu usishibe.

Mfano sina. Uko huko, unapiga pasi mashuka ya watu. Na neno bila mfano halihesabiwi, kwa hiyo omba likizo uje, mwanangu, nisije nikashindwa tena.

Baba yako