Nimeiba Tuni ya Mzee wa Kanuni, na Askofu Anakuja

(Majina ya wahusika yamebadilishwa.)

Bi Yasmini mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie na uniwahi, maana askofu anakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na mie nimebaki na wimbo wa wizi na malaria ya uongo.

Mie ni mwalimu wa sekondari huku Mbagala, nina mke, Benedicta, na watoto wawili, na kabla ya ualimu nilikaa seminari miaka mitatu nikisoma falsafa, upadri ukanishinda lakini Wagiriki wa kale hawakunitoka, nikikuta watu wanagombana kwenye foleni ya maji nawauliza kwanza haki ni nini, na Benedicta keshaniambia siku nyingi kwamba akiniuliza chumvi iko wapi nimwoneshe iko wapi, nisianze kumuuliza chumvi ni nini. Kwa usomi huohuo parokiani walinipa kwaya niiongoze, na huu ni mwaka wa nane.

Mwaka juzi vijana wa kwaya walitaka tutie mahadhi ya taarabu kwenye wimbo wa mavuno, nikasimama nikawapa mhadhara wa saa nzima kwamba Wagiriki wa kale walishaonya, zipo tuni zinazomjenga mtu akawa shujaa na zipo zinazomlainisha roho mpaka anakuwa kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na kwamba taarabu iko kundi la pili. Mwenyekiti wetu, Mama Anjelina, mama mkali ambaye hata paroko humpisha mlangoni, alinipigia makofi, akaandika kwenye daftari la kwaya: taarabu marufuku.

Sasa sikiliza. Mwaka jana klabu ya mdahalo shuleni nilikuwa naifundisha habari za Pithagoras, yule wa pembetatu, kwamba wafuasi wake waliamini muziki ni hesabu tupu, ukigawa uzi nusu kwa nusu unapata sauti ileile ila ya juu zaidi, nikataka kwanza nione kwa macho yangu, nikaelekezwa Chang'ombe kwa Mzee Nassibu, fundi cherehani mstaafu, Mwislamu, mzaliwa wa hapahapa mjini, ambaye ujanani alipiga kanuni kwenye kikundi cha taarabu na kanuni yenyewe bado anayo, nyuzi sabini na kitu. Aliipakata mapajani, akabana uzi mmoja katikati kwa kidole gumba, akaudonoa, nikasikia. Bi Yasmini, nywele zilinisimama. Kitu nilichokisoma seminari kwa miaka mitatu, mzee kanionesha kwa dole gumba moja.

Basi nikawa naenda kila Jumamosi, miezi mitano, mkewe Bi Tunu ananiletea chai na kashata, mie na mzee tunazungumza, na siku moja akapiga tuni ambayo sijawahi kuisikia popote, inapanda taratibu kama mtu anayerudi nyumbani huku hana hakika kama atafunguliwa mlango. Nikamuuliza ya nani. Akasema, "Yangu. Ya zamani. Haina maneno." Nikaomba niirekodi kwenye simu, nikamwambia ni kwa ajili ya wanafunzi. Wanafunzi hawajaisikia mpaka leo.

Yakaja mashindano ya kwaya, sina wimbo mpya, nikaichukua ile tuni nikaivisha maneno ya kumngojea Bwana kwa saburi, nikawafundisha, na siku ya kwanza ya mazoezi sauti ya tatu wote walilia, Mama Anjelina akaniuliza, "Mwalimu, huu umetunga wewe?" Sikusema ndiyo. Nilitabasamu. Lakini lilikuwa tabasamu la mtunzi, Bi Yasmini, siwezi kukudanganya.

Tukashinda. Video ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka watu nisiowajua wananiita Maestro, na sasa parokia inatimiza miaka hamsini, askofu atakuwepo, na bango limeshachapishwa, "Wimbo wa Jubilei, mtunzi Mwl. Wilbert", na picha yangu nimeshika kidevu.

Wiki iliyopita Mzee Nassibu akanipigia simu. Kausikia wimbo kwa kinyozi. Nikasubiri matusi. Akasema, "Mwalimu, hongera, mmeimba vizuri sana. Nakuomba siku ukipita uniandikie yale maneno." Basi. Mie nikaropoka kwamba naumwa malaria, siwezi kutoka, na kesho yake Bi Tunu akanitumia supu ya kuku kwa bodaboda kutoka Chang'ombe mpaka Mbagala, ikiwa bado ya moto. Niliinywa. Sikujua nifanye nini nayo.

Nimejaribu kujitetea kwa Benedicta. Nikamwambia Pithagoras anafundisha kwamba sauti ni namba, na namba hazina mwenyewe. Akasema, "Basi kamwambie na askofu kwamba mtunzi ni namba." Nikamwambia Sokrates alifundisha hakuna mtu anayetenda baya kwa kujua, kwa hiyo mie kwa vyovyote sikujua. Akaniuliza, "Kama hukujua, mbona ile rekodi ulikuwa unaisikiliza chooni?"

Nikisema ukweli, Mama Anjelina atajua amemwimbia Mungu taarabu, kwaya itagawanyika, nitavuliwa uongozi mbele ya askofu. Nikinyamaza, kila nikisimama mbele ya darasa kufundisha maadili nasikia harufu ya ile supu. Je, kimaadili hapa jema ni lipi, na je, kuna namna ya kulitenda jema bila watu wengi kujua?

Wilbert, Mbagala.

JIBU LA BI YASMINI

Marahaba, Wilbert. Na pole, ila pole yangu ni ndogo, nyingine nimemwekea Bi Tunu aliyesimama jikoni kumpikia mgonjwa hewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja. Sokrates yumo, Pithagoras yumo, picha ya kushika kidevu imo. Neno "nisamehe" halimo. Wewe hujaniomba ushauri, umeniomba mlango wa nyuma. Sina.

Umemsingizia Sokrates, nami nitamtetea kidogo. Huyo mzee alihukumiwa kufa kwa sumu, na wanasimulia kwamba rafiki zake walimtengenezea njia ya kutoroka gerezani akaikataa, kwa sababu kwake kutenda baya kulikuwa kubaya zaidi kuliko kutendewa. Wewe hakuna anayekupeleka gereza la Segerea. Hakuna anayekupa sumu. Umealikwa chai Chang'ombe, na umeikimbia.

Na aliposema hakuna atendaye baya kwa kujua, alikuwa anatusukuma tujichunguze mpaka tujue. Hakuwa anagawa vyeti vya udhuru. Benedicta amekufanyia kazi ya Sokrates kwa swali moja la chooni, na hakwenda seminari.

Sasa hili la taarabu, hapa ndipo nimecheka na kukasirika kwa pamoja. Wewe msomi, hujajiuliza chombo cha yule mzee kwa nini kinaitwa kanuni? Ni jina lilelile tunaloita sheria. Waarabu walilichukua kwa Wagiriki wako, likatufikia huku pwani likiwa limebeba vyote viwili, muziki na utaratibu. Falsafa, njia hiyohiyo. Askofu, mgeni wenu wa heshima, jina lake limetoka kwa Wagiriki likapita kwa Waarabu kabla ya kuvaa kofia na kuja Mbagala. Kwaya na muziki vimezunguka kwa Wazungu, lakini nyumbani kwao ni hukohuko. Mambo yameshachanganyika zamani mno, wewe unasimama langoni kwa daftari la Mama Anjelina kuyatenganisha! Tuni iliyowaliza sauti ya tatu haikumlainisha mtu. Kilicholainika ni uti wa mgongo wa mwalimu.

Unaogopa kuvuliwa uongozi. Huenda ukavuliwa. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli kila mtu atakukumbatia, maana wengine watafurahi sana kukuona umeanguka, hasa wale vijana uliowapa mhadhara wa saa nzima. Ni haki yao kufurahi wiki moja, mbili wakitaka.

Fanya hivi. Kesho ukitoka shuleni nenda Chang'ombe, miguu yako mwenyewe, usitume ujumbe wa sauti. Nenda na Benedicta, si kwa ajili ya kukusemea, ila akukanyage mguu ukianza kutaja Wagiriki. Mwandikie mzee maneno ya wimbo kwa mkono, kwa herufi kubwa, maana macho yake ni ya uzee. Ukifika sema kwa sentensi moja, "Tuni yako niliichukua bila ruhusa nikaiita yangu, nisamehe," halafu nyamaza. Najua kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko kukiri. Malaria nayo uitaje, kwa Bi Tunu, ukimtazama usoni.

Kisha muulize kama wimbo uimbwe au usiimbwe. Akisema usiimbwe, hauimbwi, hata askofu awe ameshakaa kitini. Akiruhusu, mazoezi yanayofuata simama mbele ya kwaya useme hivyohivyo, na bango lichapishwe upya. Na ule mhadhara wako kuhusu taarabu ufute kwa mdomo uleule.

Umeuliza kama jema linaweza kutendwa bila watu wengi kujua. Sifa ulizichukua mbele ya parokia nzima, Wilbert. Zirudishe mbele ya parokia nzima.

Bi Yasmini.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA WILBERT

Bi Yasmini, shikamoo tena. Nimeona nikujulishe yalivyokwenda, maana ulinikemea kwa haki.

Tulikwenda mie na Benedicta. Nilisema ile sentensi moja nikanyamaza, mguu wangu wa kushoto ukiwa chini ya kiatu cha mke wangu. Mzee Nassibu aliisoma karatasi ya maneno mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, ilipofika noti ya tatu tu nilishajua ni yangu. Nilikupigia nikidhani utakuja mwenyewe, ukaniletea malaria." Nikainamisha kichwa. Akaendelea, "Kuchukua ni kosa moja, nimekusamehe. Lakini pale katikati mmekata. Nani kakwambia ukate? Hilo bado naumia nalo."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuitia maneno. Akashusha sauti. Akasema aliitunga mwaka wa pili wa ndoa, Bi Tunu alipokasirika akarudi kwao Kisarawe, akawa anaitengeneza ili akampigie chini ya dirisha la baba yake. "Kabla sijapata maneno, akarudi mwenyewe, kanuna, anauliza sufuria yake kubwa iko wapi. Nikaona haina kazi tena."

Bi Tunu alikuwa mlangoni na sinia. "Nassibu," akasema. "Yaani wimbo wangu umeimbwa na kanisa zima, umefika mpaka kwa kinyozi, na mie mwenyewe miaka arobaini sijaambiwa?"

"Tunu, mke wangu, ulikuwa umenuna."

"Miaka arobaini nimenuna?"

Mzee akanigeukia, akasema ruhusa siyo yake tena, nimwombe mwenye wimbo. Nikamwomba, na malaria nikaitaja hapohapo, nikimtazama usoni. Bi Tunu akasema anaruhusu kwa masharti mawili, kipande kilichokatwa kirudishwe, na yeye siku hiyo akae mbele. Kuhusu supu akasema tu, "Ungesema una njaa, ningekutumia vilevile." Hilo lilinichoma kuliko kelele zozote.

Kwaya walinivua. Mama Anjelina aliitisha kura, zikapigwa dakika mbili, nikapelekwa safu ya nyuma kuimba besi kwa mwaka mzima, na vijana wakashangilia kama ulivyosema. Watu wanne walijitoa, wawili wamesharudi. Kilichonishangaza ni Mzee Nassibu kuja mazoezini mwenyewe, kanzu na kofia, kanuni mapajani, akiwasahihisha sauti ya kwanza mmojammoja, na Mama Anjelina akiandika anayosema kwenye daftari lilelile la marufuku.

Siku ya jubilei, baada ya misa, tuliimba uwanjani chini ya turubai, askofu mbele, bango jipya nyuma yetu bila picha ya mtu. Mshereheshaji akatangaza kwamba tuni ni ya Mzee Nassibu wa Chang'ombe, aliyemtungia mkewe. Tukaanza. Tulipofika kile kipande cha katikati, kanuni ikabaki peke yake, Bi Tunu akainuka kwenye kiti chake, akaanza kuja mbele polepole kwa mwendo wa kutuza, bega moja linacheza, mkono juu, kama wanavyokwenda wanawake kumpa mwimbaji zawadi kwenye taarabu. Paroko akamtazama askofu, askofu akamtazama Bi Tunu. Akafika, akaitoa kanga yake ya begani, akamvisha mumewe shingoni, mzee anaendelea kupiga, hakukosea hata uzi mmoja.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Ni Mama Anjelina, kavua viatu, naye anakuja, bega linacheza.