Kwa Baba Karanja, Juu ya Mtoto Aliyepewa Jina Lako

Baba Karanja,

Sikuulizi habari za huko. Kama ni nzuri umezifunga mdomoni, na kama ni mbaya siwezi kukutumia kitu. Nakuandikia kwa sababu umeniachia taabu hapa, na wewe umelala.

Herufi hizi ni za ngumbaru. Shule sijawahi kukanyaga, unajua, lakini ulipokufa jioni zikawa ndefu, nikaenda kukaa kwa benchi ya kanisa na akina mama wengine tukaimba a, e, i, o, u. Ungenicheka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichooana nacho, mimi wa Maragoli na wewe Mkikuyu, kule kwa shamba la ngano la mzungu. Kikuyu chako nilikiongea mpaka ukaniomba niache.

Sasa sikiza. Tulipokuzika, Nyambura mke wa mtoto wetu Karanja alikuwa na tumbo kubwa. Akazaa kijana. Watu wenu wakasema hakuna maneno, huyu ni Mbugua, mzee amerudi. Mimi pia nilifurahi. Kwetu pia tunawapa watoto majina ya wazee. Lakini kwetu, mtoto mwenye jina la babu akinya tunampangusa. Hatumwombi ruhusa.

Nyambura anaomba. Unakumbuka alivyokuwa na wewe: analeta chakula, anaweka, anatoka akiangalia chini. Ulimpenda. Siku Karanja alipompigia kelele, ulimwita Karanja nyuma ya ghala, akarudi masikio mekundu. Basi ile heshima yote ameihamisha kwa mtoto. Anamwita Mzee. "Mzee, utakubali kuoga?" "Mzee, kama hutaki uji, nikupikie nini?" Mtu wa kukojoa kitandani. Ndugu zako wakija hapa Gilgil wanamsalimia yeye kwanza, wanamwuliza kama mvua itanyesha. Anakalia kiti chako cha kukunja na miguu haifiki chini. Fimbo yako iko kwake. Mimi nami namwita mume wangu, asubuhi namwuliza kama amelala vizuri. Hayo ni mambo ya nyanya na mjukuu, nani aliwahi kufa kwa hayo.

Sasa akiambiwa hapana anajitupa chini. Anauma. Mtoto alimvunja kuku wangu mweupe mguu. Halafu siku moja Nyambura alimnyang'anya kisu, naye akamchapa mama yake mdomoni kwa fimbo yako. Jino likatoka. Nyambura akafuta damu na leso, akamwambia, "Nisamehe, Mzee."

Nilikaa chini, Baba Karanja.

Karanja akatoka kazi ya reli akaona lile pengo. Akasema, "Mwisho wa mwezi nampeleka Ndabibi kwa dada. Huko kuna ng'ombe, kuna shemeji, watamnyoosha." Nyambura akajibu kwa ile sauti yake ndogo, "Mtoto akienda, mimi pia nafunga vitu vyangu." Hakusema tena, na wewe unajua asiyesema mengi hurudi kwao kweli. Nyumba uliyoipiga misumari mwenyewe ilikuwa ivunjwe na mtu asiyefikia komeo la mlango.

Nikaanza kutafuta wa kumtibu. Nimezunguka, wacha nikuambie. Hospitali ya mjini tulikaa kwa benchi tangu asubuhi, daktari akamtazama ulimi na masikio, akampa dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka, siwezi kukataa. Akapata nguvu zaidi za kuuma. Mhindi wa duka la dawa akatuuzia sharubati ya kumtuliza. Alilala, akaamka na hasira za jana na za leo pamoja. Mhubiri akamwekea mkono kichwani akaumwa kidole. Kaka yako mkubwa akasema wewe umekasirika, unataka kondoo. Nikamwambia, nimelala na huyo mtu tangu nikiwa msichana, akikasirika anasema mwenyewe, hatumi mtoto. Walichinja tu. Kipande cha kwanza wakampa nani? Mbugua.

Kila mahali ni hivyo. Wanamshika mtoto, wanamtazama mtoto, wanampa mtoto kitu. Nyambura anasimama kando kama mtu aliyeleta mzigo.

Siku moja tulikuwa Nakuru na Nyambura na mtoto, nimeingia kwa yule Kalasinga wa kilemba anayeuza mbao kununua mabaki ya kurekebisha banda la kuku. Mtoto akajitupa hapo kwa unga wa mbao akaanza. Kalasinga hakutufukuza. Akasema, "Mama, mtoto yangu msichana natoka Ulaya juzi. Yeye hapana daktari ya sindano. Yeye natengeneza mama na mtoto."

"Wanatengenezwa namna gani?"

"Mimi hapana jua. Yeye nacheza tu. Mimi nalipa shule miaka mingi, yeye narudi kucheza."

Msichana anaitwa Harjit. Ana chumba nyuma ya msumeno, na mkeka, na kikapu cha vipande vya mbao. Hakumgusa mtoto. Alimweka Nyambura kwa mkeka na mtoto, yeye akakaa nyuma ya Nyambura, akawa anamnong'oneza sikioni la kusema. Mimi akaniambia, "Nyanya, kaa kwa kona, usisaidie." Nilikaa nimeshika mdomo kama mtu anayeumwa jino.

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Mtoto anapanga mbao, mama anasema, "Umepanga mbao." Mtoto anajenga, mama anasema, "Unajenga nyumba ndefu." Akipiga kelele, mama anatazama pembeni mpaka aache. Nikasema moyoni, tumepanda basi kutoka Gilgil kuja kumwambia mtoto kitu anachofanya. Tukarudi juma lingine, ni hayo hayo. Mwisho wa mwezi unakuja na sisi tunahesabiana mbao. Lakini niliona kitu. Mtoto alianza kumtazama mama yake usoni, kama mtu anayesikia redio ya jirani na anataka kujua ni nini.

Halafu Harjit akasema, "Leo utamwambia kitu kimoja. Umwambie, usimwombe."

Nyambura akaanza, "Mzee, kama unaweza..."

"Hapana. Mwite jina lake."

Nyambura akaokota kipande cha mbao, akakirudisha. Jasho likamtoka puani. Mwishowe akasema, "Hilo ni jina la baba mkwe. Mimi siwezi kulitaja."

Miaka yote hiyo, Baba Karanja. Amembeba, amemnyonyesha, hajawahi kumwita mtoto wake. Na sisi wote tuko hapo hapo nyumbani, tumekaa na masikio yetu.

Harjit akanigeukia. Hakujua desturi zenu. Na mimi, niliyeambiwa nisisaidie, nikasema, "Mwite. Mwenye jina alikuwa mume wangu, natoa ruhusa mimi. Mzee alikufa. Macho nilimfunga kwa mikono hii. Huyo hapo ni mtoto wako."

Akasema, "Mbugua." Alilisema kama mtu anayekanyaga daraja bovu. "Mbugua, weka ile mbao kwa kikapu."

Mtoto akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akaenda chini na kelele zake zote. Lakini Nyambura hakuomba msamaha. Alingoja, akasema tena, maneno yale yale. Kelele zikapungua. Mtoto akainuka, akatupa mbao kwa kikapu kwa dharau, kama wewe ukilipa kodi.

"Asante kwa kunisikia, Mbugua."

Akampandia mapajani, akaweka kidole mdomoni, akalala. Alikuwa amechoka kuwa mzee.

Sikudanganyi kwamba amepona. Jana ameuma tena. Bado tunaenda kwa mbao. Lakini Karanja alipokuja mwisho wa mwezi, Nyambura alisema, "Mbugua, mletee baba maji," na mtoto akaenda akinung'unika, nusu ya maji akamwaga njiani. Karanja alikunywa yaliyobaki akiwa amesimama. Ndabibi haijatajwa tena. Ndugu zako wamenuna kwa sababu nimewaambia mambo ya mvua waulize redio.

Mimi ndiye nimebaki na langu. Kila asubuhi nilikuwa nikisema, umelala vizuri, mume wangu? Na mtu alikuwa akijibu. Sasa nasema, amka Mbugua, ukaoge. Kitanda kimekuwa kipana. Nimekuzika mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kupika chai.

Fimbo nimeichukua mimi, magoti yanaitaka. Kiti nimekikunja nikakipandisha darini. Miguu yake ikifika chini nitakiteremsha, nimwambie juu ya mtu mwingine aliyeitwa kama yeye, aliyekoroma na kutia chumvi kwa chai. Hilo nakuahidi. Mpaka hapo wewe kaa na jina lako, yeye akae na lake.

Lala sasa. Hakuna anayekuamsha tena.

Mke wako,
Mama Karanja