Leo Nimemkana Mjomba Barazani

Ijumaa, mwezi wa Rajabu. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna, na moyo wangu mzito.

Nimetenda jambo la aibu. Naliandika kabla sijaanza kulipamba.

Mwaka wa tisa huu nashona kanzu hapa Bagamoyo. Watu wanajua nimezaliwa Saadani, kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia. Kweli ni kwamba nilishuka kutoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, kijana mpagazi, nikabaki. Nikasilimu. Nikajifunza kusoma, kuvaa makubadhi, kushika bakora, kumuuliza mtu hali yake na ya nyumbani kwake kabla ya kutaja haja yangu. Nacheka midomo imefumbwa, maana meno yangu ya mbele yamechongwa kwa desturi ya kwetu. Watu huniona mpole.

Leo baada ya sala nilikaa barazani kwa Mzee Shomari, ambaye nimemposa binti yake. Jana msafara uliingia mjini. Mpagazi mmoja akapita, kaniki kiunoni, bega limechubuka. Akasimama. Akaniamkia kwa lugha ya kwetu, akaniita mtoto wa dada yake.

Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea.

Nikamjibu kwa Kiswahili, taratibu, "Umenifananisha, bwana."

Akanitazama kidogo. "Basi niwie radhi," akasema, akaenda zake.

Kisha Mzee Shomari akaniambia kwa sauti ya chini, "Kwamba wewe si wa Saadani nimejua siku nyingi. Nina ndugu kule, hakuna anayekujua. Sikujali. Na lugha ya wapagazi naisikia. Lakini mtu anayemkana mjomba wake mchana kweupe, nimpe vipi binti yangu?"

Niliinuka bila kuaga.

Nilimkuta mjomba kambini anasonga ugali. Nikapiga magoti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilijua ni wewe. Unatembea kama mama yako."

Nikamuuliza habari za mama. Akaniambia amekufa, tangu mavuno yaliyopita.

Nililia pale pale mbele ya wapagazi, mdomo wazi.

Kisha nikamshika mkono, tukarudi kwa njia ile ile mpaka barazani. Nikasema, "Huyu ni ndugu wa mama yangu. Nilisema uongo." Hakuna aliyecheka. Mzee Shomari akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi. Habari ya ndoa hakuitaja, nami sikuthubutu kuuliza.

Sasa magharibi imekaribia. Mjomba yuko uani ananawa miguu. Ameniuliza watu wa hapa wananiitaje, nikamwambia, Salum. Namsikia analirudia jina hilo peke yake, polepole, asije akalikosea mbele za watu akanitia aibu.

Kesho nitamwomba aniite kwa jina alilonipa yeye.