Nani Analala Kule Nje ya Chombo?

Mpendwa Bi Zeituni,

Naomba unisaidie kufikiri, kwa sababu mimi mwenyewe nimefika mahali ambapo kila nikianza kufikiri najikuta nimerudi nilipoanzia, na sijui hata kama swali langu linafaa ukurasa wako, maana wengine hukuandikia kuhusu waume na mawifi na mimi nakuandikia kuhusu chombo cha angani.

Nieleze kidogo. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi moja hapa Kisumu, naishi Mamboleo, sijaolewa, na jioni nikitoka kazini hufungua kompyuta na kuunda chombo cha vita vya angani kwa ajili ya gemu moja ambayo sisi mashabiki wake tumeruhusiwa kuitengenezea vyombo vyetu wenyewe, na vile vinavyopendeza huingizwa ndani, watu wa dunia nzima wakavirusha na kupigana navyo. Hakuna anayelipwa. Chombo hiki nimekifanyia kazi miaka miwili, nimechora kila bamba la chuma na misumari yake, mabomba ya kupoza injini, mikwaruzo ya makombora ubavuni, hata kutu, na kutu yenyewe niliichora kwa kutazama matrekta ya miwa kule Muhoroni, na wenzangu wa kikundi, ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana, wamekikubali. Kilichobaki ni kutuma faili kabla ya Jumapili, na siwezi.

Ndani ya chombo kuna vyumba, na sikuvipanga kwa kufikiri, mkono ulivipanga wenyewe. Lango kubwa liko mbele, katikati kuna ukumbi mpana mtupu ambao wenzangu waliniambia niujaze kitu nikakataa bila kujua kwa nini, chumba cha nahodha kiko nyuma kabisa kikitazama lango, cha fundi wa injini kiko upande wa kulia wa lango, na cha mpiga makombora upande wa kushoto. Nilimwonyesha kaka yangu Wesonga alipopita kwangu (majina ya watu wa kwetu nimeyabadilisha), akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wee sista, hii si ni boma yetu? Hapa nyuma ni kwa Baba. Hapa simba yangu, hapa simba ya Wechuli. Hata uwanja wa Mama wa kuanika omena umeuacha!"

Ni kweli. Ni boma yetu ya Samia, pamoja na uwanja wa dagaa na simba za kaka zangu wawili, vile vibanda ambavyo vijana wa kiume hujengewa karibu na lango wakishakuwa wakubwa. Na mimi nilicheka. Nikamwuliza, na mimi je, mbona sina chumba?

"Wewe si ndio dereva? Dereva analala kwa gari. Halafu wewe utaolewa bwana, chumba cha nini?"

Aliyasema kwa mapenzi, Wesonga si mtu mbaya, na mimi nilimwongeza chai.

Hayo yangepita. Lakini wiki hii yule anayekagua vyombo kabla ya kupokewa, dada mmoja wa Brazil, aliniandikia kwamba kazi ni nzuri sana, ila kuna kijumba kidogo nimekibandika nje ya chombo, nyuma, upande wa kushoto, nacho hakina dirisha, hakina taa, hakina mlango. Akauliza, ni tangi la mafuta? Au kuna mtu analala humo?

Bi Zeituni, kijumba hicho nilikichora mwanzoni kabisa, nikidhani ni pambo, na sasa naona hakuna sehemu ya chombo niliyoing'arisha zaidi ya hiyo. Nilipokitazama upya nilijua ni nini. Nje ya ua wa boma yetu, nyuma, upande wa kushoto, ng'ambo ya mikonge, ndipo alipozikwa shangazi yetu Agneta, dada yake Baba, aliyefariki akiwa nyumbani bila kuolewa. Kwetu binti aliyekufa bila kuolewa hazikwi ndani ya ua. Nilikuwa mdogo, na nakumbuka niliuliza kwa sauti kwa nini Shangazi analazwa nje na mvua inakuja, na mtu akanivuta mkono.

Tangu siku hiyo ya Brazil nimechanganyikiwa. Nilijaribu kukikata kijumba, chombo kikaonekana kama kimejeruhiwa. Nilijaribu kukiingiza ndani, lakini kila ninapokiweka nasukuma mtu, nikisogeza chumba cha Wesonga bawa linapinda, nikisogeza cha Wechuli injini inatokeza nje, nikikiweka ukumbini naona haya kana kwamba nimelala uwanjani mbele ya wageni. Nilianza kumjibu yule dada, nikaandika "ni tangi", nikafuta, nikaandika "ni mimi", nikafuta. Na kuna jambo lingine dogo, Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, ameniomba nimchoree ramani ya boma kabla ya Krismasi ili awaonyeshe kaka zangu mahali watakapojenga nyumba za mawe, na nimeshaichora, imetoka safi, karatasi inaishia kwenye mikonge.

Je, kijumba nikikate, nikiache, au nisitume chombo kabisa? Na je, ninachokuuliza kweli ni habari ya chombo? Sijui tena.

Mrusha Chombo,
Mamboleo

*

Mrusha Chombo mwanangu,

Gemu ninayoijua mimi ni bao, na huko pia nafungwa. Lakini umenijazia barua mabomba na kutu, halafu baba yako ukamwita "jambo lingine dogo". Hapo ndipo nilipovua miwani nikaifuta.

Kwanza pole. Pole kwa shangazi yako, na pole kwa yule mtoto aliyevutwa mkono. Aliuliza swali la haki, watu wazima wakashindwa kumjibu, naye akalibeba mpaka akapata kompyuta.

Sasa nikugombeze. Mila za kwenu sikuzitunga mimi na sitazitukana hapa gazetini. Sisi Waislamu wa mjini tuna mazito yetu. Wazee waliomlaza Agneta ng'ambo ya mikonge walibanwa na mila. Wewe ulibanwa na nani? Katika hicho chombo hakuna mzee wa ukoo, hakuna kikao cha matanga, hakuna jirani wa kunong'ona. Ulikuwa peke yako na mbingu nzima ya kujenga. Ukampa baba chumba, ukawapa kaka zako vyumba, kisha ukachukua ustadi wako wote ukajitengenezea mahali pa kulala nje, gizani, ukapang'arisha vizuri, na mlango ukausahau. Wesonga alikuacha nje kwa maneno mawili ya mzaha. Wewe umejiacha nje miaka miwili. Na chai ukamwongeza!

Haya, sikiliza. Kijumba usikikate. Ukikikata utakuwa umemfukuza Agneta hata pale alipo. Usikihamishe pia, maana huna haja ya kumsukuma mtu ili upate pa kulala. Kitoboe mlango. Kijengee njia kutoka kwenye ule ukumbi mtupu unaoulinda, weka taa, weka kitanda na blanketi, weka dirisha kubwa, maana anayelala pembeni ndiye anayeiona anga vizuri. Mpiga makombora na alalamike. Kisha mwandikie yule dada wa Brazil: "Ni chumba cha rubani, nilisahau mlango." Huo ni ukweli na unatosha, huna haja ya kumsimulia ukoo mzima. Jumapili faili iwe imeondoka. Sitaki kusikia habari za kutu tena.

Sasa baba yako. Ile ramani unayosema imetoka safi haijaisha. Mchoraji wa kusomea, unaishia kwenye mikonge kwa sababu karatasi imeishia hapo? Chukua karatasi kubwa zaidi. Vuka mikonge, onyesha kaburi la Agneta, andika jina lake kwa mwandiko uleule ulioandikia ya kaka zako. Usiitume kwa simu. Ipeleke mwenyewe Samia, mwekee mzee mezani, halafu unyamaze. Ni mwalimu, atasoma, na pale kwenye jina la dada yake atakawia. Mwache akawie. Usimwokoe kwa maneno.

Akiinua macho, mwulize kwa mdomo wako: "Baba, na mimi utanionyesha wapi?"

Sheria ya nchi hii inamhesabu binti sawa na ndugu zake wa kiume katika mali ya mzazi. Lijue hilo na ukae nalo mfukoni, lakini usiingie nalo nyumbani umelishika kama panga. Pengine atakuonyesha. Pengine atasema utaolewa. Pengine atatoka nje kuangalia ng'ombe, kama wafanyavyo wazee wakikwama, nawe itabidi urudi uulize tena Pasaka. Siwezi kukuahidi jibu. Ila swali litakuwa limesemwa kwa sauti, na safari hii hakuna atakayekuvuta mkono.

Wesonga akija tena, birika liko pale, ajimiminie.

Na ule mlango, mwanangu, uuwekee kitasa kinachofunguka kutoka ndani na kutoka nje.

Bi Zeituni